Kozi Aliyoihamisha Makame

Chuo hakikupokea krediti za mtandaoni mpaka maarifa yenyewe yatolewe kichwani mwa mwanafunzi, yahifadhiwe hadi mahafali. Makame alikuwa amebakiza kozi moja tu ya kuhamisha: lugha ya alama, aliyojifunza mtandaoni enzi za uchumba ili azungumze na Zuhura, mkewe, asiyesikia. Zuhura mwenyewe ndiye aliyemhimiza. Miezi mitatu hadi mahafali si mingi, alimwambia kwa mikono, shahada ipatikane.

Jioni ya siku aliyoihamisha, mezani, mikono ya Zuhura ilizungumza kirefu na binti yao, Rukia. Makame aliitazama kama mtu anayetazama mvua dirishani. Rukia akaacha kula.

"Mama anasemaje?" Makame aliuliza.

Rukia akamtazama mama yake kwanza.

"Amesema nisikwambie, baba."

Zuhura akatabasamu, akamwongezea mumewe mchuzi.