Nani Anawaambia Watu wa Mbarara?

Watu wa Mbarara walikuwa wameshafika. Orpa alichungulia kwenye kona ya ghala, pale kwenye skrini, akawaona wote wanne wamelala chini, bunduki zimeelekezwa palepale alipopanga kutokea. Haikupita nusu dakika, timu nzima ya kambi ya Nakivale ilikuwa imekufa.

"Tena!" Prince akapiga meza. "Kila fasi tunapita, bako pale. Banatungoja kama vile tulibaita."

Ilikuwa mara ya tatu kufa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 2014 walikuwa wakishinda. Orpa hakuwa msemaji, lakini akisema "ngoja", wenzake watatu, Prince, Gisèle na Déo, walingoja, hata kama adui yuko mbele ya pua. Sasa akisema ngoja, walitazamana kwanza. Hata hedifoni mpya zenye maiki, ambazo Déo alizinunua Mbarara siku alipokwenda kuchukua viatu vya mitumba anavyouza, hazikusaidia kitu.

Hawakucheza bila maombi. Kabla kengele ya mchezo haijalia, timu mbili hukaa pamoja kwenye ukumbi wa kungojea, humo humo mtandaoni, zikisikiana, na Shafik, nahodha wa Mbarara, kijana aliyekulia kwenye nyumba za wanajeshi, alikuwa fundi wa kuchokoza. "Nyinyi watu ya kambi! Leo mnakimbia wapi?" Kwa hiyo Orpa aliwaambia wote washushe hedifoni shingoni. Mtu haongei na Mungu huku kejeli zinamwingia masikioni. Halafu aliomba kama walivyofundishwa kanisani kwao tangu Fizi, kule Kongo: usimpe Mungu maneno ya juujuu, mtajie haja yako yenyewe hasa.

Jumamosi iliyofuata alikusanya simu zote ndani ya beseni. Akafunga mlango. Akamnong'oneza kila mmoja sikioni: leo tunapita kwenye mfereji. Wakaomba, wakacheza.

Mbarara waliwangoja kwenye mfereji.

Nje, mtu alikuwa anaburuta dumu.

"Kuna mutu anabaambia," Gisèle akasema. Hakutaja jina, lakini macho yake yalikwenda kwa Déo, na ya Prince yakafuata.

"Munaniangalia mimi kwa nini?"

"Nani anakwenda Mbarara kila Jumatano?" Prince akauliza.

"Ninakwenda kuchukua viatu, Prince! Na weye umevaa jozi moja, haijamaliza hata mwezi." Déo akamgeukia Orpa. "Orpa, sema. Weye unanijua."

Alimjua. Njiani kutoka Fizi Déo alimvulia ndala zake, yeye akatembea peku siku mbili. Lakini Gisèle na Prince walikuwa wanamtazama Orpa, wametulia, wanangoja neno lake. Walikuwa hawajamngoja hivyo kwa majuma mengi.

"Toka, Déo," akasema.

Déo alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu kama kitu cha watu, akatoka.

Ndani ya siku tatu zilizofuata walipendana kuliko zamani. Walicheka, waligawana mihogo, Prince alimwita Orpa "Mon commandant", kamanda wangu. Lakini makazi ya wakimbizi si mchezo wa kompyuta. Watu waliokimbia vita wakisikia neno "mpelelezi", hawaulizi ni wa kwenye skrini au wa kweli. Viatu vya Déo vilikosa mnunuzi. Mama yake, Mama Marie, akifika bombani, wanawake walivuta madumu yao pembeni.

Ijumaa alimkuta Orpa hapo bombani.

"Mutoto wangu alikula na weye sahani moja," akasema, mbele ya foleni nzima. "Kesho munacheza bila yeye. Mukishinda, nitanyamaza, nitakubali kama nilizaa mupelelezi. Lakini mukishindwa, Orpa, utakuja kusimama hapa hapa, useme mbele ya batu bote kama ulimuonea."

Orpa aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

Jumamosi, Bonaventure, mwangalizi wa chumba cha kompyuta, alikaa kwenye kiti cha Déo. Simu zikaingia kwenye beseni. Mlango ukafungwa. Orpa akanong'ona mpango, sikio kwa sikio.

"Nyinyi watu ya kambi!" Shafik alikuwa ameshaanza. "Leo tunawapika na ndizi!"

"Tuombe," Orpa akasema.

Wote wanne wakashusha hedifoni. Ya Orpa ilinaswa upande wa kushoto kwenye pini ya kitambaa cha kichwa. Alivuta mara moja, ikakataa, akaiacha ikining'inia hivyo hivyo, nusu shingoni, nusu sikioni. Kule Mbarara kicheko kilikatika ghafla. Alishukuru kwa utulivu ule, akafumba macho.

"Ee Bwana, leo tunapita kisimani. Mimi, Prince na Bonaventure, ututangulie njia yote. Umshike Gisèle atakapopanda mnara peke yake. Na kama tulimwonea ndugu yetu Déo, Bwana, tusikie leo leo. Katika jina la Yesu."

"Amina," akasema Prince.

"Amina," wakasema Gisèle na Bonaventure.

"Amina," ikajibu sauti ya Shafik kwenye sikio lake la kushoto, kwa heshima kabisa. "Vijana, mmesikia sista. Watatu kwa kisima, mmoja kwa mnara."