Sahani ya Wifi

"Mke wangu ananinyima chakula, dada," mgonjwa alilalama, machozi yakimlengalenga. "Tena ananitembeza uani kama mbuzi wa mnadani."

Khulud alikuwa mlangoni, kijiko cha chai mkononi. Mumewe alikatwa tumbo kwa saratani, akaachiwa kipande kisichozidi kiganja cha mtoto. Daktari alimwagiza Khulud amtembeze kila siku, amlishe kidogo kidogo. "Ukimshindilia, utamrudisha hapa kwenye machela." Khulud alilishika agizo, akayameza na matusi ya mumewe.

"Mtu kapasuliwa, wewe unamtembeza?" wifi akafoka. "Mgonjwa hulazwa, akalishwa!" Akafunua hotipoti aliyotoka nayo Chang'ombe. Harufu ya biriani ikajaa chumba kizima.

Mgonjwa alimtazama mkewe, akatabasamu kwa ushindi, kisha akaachama kinywa kama kinda.

Mafuta yalimchuruzika kidevuni. Tonge la kwanza likapita, na la pili. La tatu lilipokwama alikunja uso, mkono ukaenda kwenye bendeji. Dada yake akasita, akamgeukia Khulud.

Khulud alikifutika kijiko cha chai kwenye khanga, kiunoni.

"Muongeze, wifi," alisema kwa upole. "Usimnyime."