Mafuta ya Magoti

Sisi tunaosoma kemia ya jinai hupandikizwa vihisio vidoleni tangu mwaka wa kwanza. Tukigusa damu, sumu au dawa iliyopigwa marufuku, kucha huwaka rangi ya samawati na taarifa hujituma polisi. Hakuna namna ya kuizuia.

Ndiyo maana likizo hii nyumbani wananisalimu kwa mbali. Mama amenitengea sahani yangu, huku wenzangu wakila kwenye sinia moja.

Mchana wa leo Bibi, ambaye mambo ya vidole huyasahau, aliniita chumbani.

"Mke mwenzangu, mbona wanakukimbia kama una upele? Njoo unikande magoti."

Nilisita. Lakini ni muda mrefu sijashikana na mtu. Nikaweka viganja. Magoti yalikuwa na mafuta.

"Mama yako ananichemshia na majani ya bangi," akasema, amefumba macho. "Hata usingizi umerudi."

Kucha zangu zikawaka zote.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Aliziona.

"Huwa wanachukua muda gani kufika?"

"Sijui, Mama."

"Nani anakuja?" Bibi akauliza. "Ongezeni chai. Na wewe, mbona umeacha?"

Nikaendelea kumkanda.