Mama Anagombea Tena

Lucy alikuwa ameshona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja. Aliliinua, akalitazama, akachukua wembe na kuanza kufumua. Simu ilikuwa pembeni ya cherehani, na kila ilipowaka, wembe ulisimama.

“Bado?” Sabiha aliuliza kutoka duka la vitenge lililopakana na lake.

“Bado. Wamesoma vituo vichache tu.”

“Watu wa kwenu huwaga wanachelewa hivi?”

Lucy aliendelea kufumua. Kwao ni Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na jana yake watu wa huko walikuwa wamepiga kura. Yeye aliolewa Musoma, akafungua duka la kushona hapa Kamunyonge. Mashati aliyokuwa nayo yalikuwa ya kwaya moja ya Butiama, na yalitakiwa Jumapili. Lakini mama yake, Matrida, alikuwa anagombea udiwani, na tangu asubuhi Lucy alishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Ilikuwa mara ya pili. Katika uchaguzi uliopita, Matrida alikuwa anaongoza, kura bado zinahesabiwa, watu wasiojulikana walipoichoma moto nyumba yake. Yeye alikuwa kituoni. Ndani alikuwamo Gabriel, mdogo wake Lucy. Hakuna aliyeshtakiwa.

Baada ya mazishi kila mtu alidhani Matrida ameachana na siasa. Mwaka huu akachukua fomu tena. Lucy alivuka mpaka kwenda kumsihi.

“Walimuua mwanangu ili ninyamaze,” mama yake alimwambia. “Nikinyamaza, watakuwa wamemuua kwa faida.”

“Na mimi, Mama? Nimebaki na nani?”

“Wewe uko salama huko Musoma. Niombee tu.”

Lucy alirudi, na hakubishana naye tena. Wiki nzima kabla ya kura alishinda kwenye simu na shangazi yake Jenoveva, dada wa marehemu baba yake, ambaye ukoo mzima ulikuwa unamsikiliza. Ukoo huo ndio uliombeba Matrida mara ya kwanza. Sabiha alikuwa anazisikia simu zile kupitia ukuta wa mbao.

“Umewafikia wote, Shangazi? Na wale wa mlimani? Waambie wamkumbuke Gabriel wakishika kalamu. Waambie mimi mwenyewe nimewapigia magoti.”

“Mama yako amezaa,” Sabiha alimwambia siku moja. Lucy aliinamia cherehani, akaendelea kushona.

Sasa jua lilikuwa limepita utosini. Isaya, mumewe, alikuwa kisiwani Rukuba kununua dagaa na simu yake haikupatikana. Ya mama yake nayo haikupatikana. Kwenye kundi la watu wa nyumbani mtu alituma picha: matairi yanawaka barabarani, karibu na ukumbi wa kujumlishia kura. Mwingine akaandika kwamba vijana wenye mapanga wameonekana. Mwingine akasema ni uongo.

Sabiha alifunga duka lake, akaja kukaa naye. Waliwasha redio ya ng'ambo, ambayo ilikuwa inakoroma na kupotea, kisha inarudi. Mtangazaji alisoma wadi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye wadi yao alisema Matrida anaongoza, na kwamba vituo vya mlimani vilikuwa bado.

Sabiha alipiga makofi. Lucy alisimama, akatoka nje haraka, akatapika kwenye mtaro.

“Ni presha tu, shoga,” Sabiha alisema, akimmiminia maji ya kunawa. “Huko mlimani si ndiko kwa ndugu zenu? Basi imeisha hiyo.”

Lucy alinawa uso. Alirudi ndani, akaikumbatia redio mapajani kama mtoto anayeumwa.

Matokeo ya mlimani yalisomwa jua likiwa limeanza kuelekea ziwani. Mtangazaji alitaja jina la mshindi. Halikuwa la Matrida.

Sabiha aliziba mdomo kwa kiganja. Lucy aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akalia bila sauti, mabega yakitikisika, katikati ya vipande vya vitambaa. Sabiha alimshika mgongo.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

“Mama, uko wapi? Wamekugusa?”

“Nani atamgusa aliyeshindwa?” Sauti ya Matrida ilikuwa imekauka. “Vijana wao wananipita hapa wakicheza, hata hawanitazami. Nakwenda nyumbani.”

“Pole, Mama.”

“Watu baki wamenipa kura, Lucy. Ukoo wa baba yako ndio umeninyima. Juzi walikula kwangu, wakanitazama machoni. Mimi sasa nimebaki na wewe tu.”

Lucy alifungua mdomo. Laini ikakatika.

“Ndugu gani hao?” Sabiha alisema kwa uchungu. “Na jinsi ulivyohangaika kuwapigia.”

Kabla Lucy hajafuta machozi, simu iliita tena. Sabiha ndiye aliyeipokea, akaiweka sauti ya juu ili rafiki yake asihangaike kuishika. Alikuwa shangazi Jenoveva.

“Lucy, mwanangu, tumemnyima wote kama ulivyotuomba,” alisema. “Sasa mpigie umpe pole.”