Nusu Iliyofungwa

Mwenye duka wa Bondeni alimuuliza Kadzo ana kanzu ngapi za kufua, maana pakiti sita za nili zingetosha kung'arisha kanzu za msikiti mzima. Kadzo akamjibu kwamba hana kanzu hata moja. Ana mwizi.

Jioni ile aliikoroga nili kwenye ndoo, maji yakawa buluu ya kukolea, akaenda nayo hadi uwanja wa wazi wa Mbaraki na kuzinyunyizia nyasi za nusu iliyofungwa. Mbuzi atakayezigusa atakwenda nyumbani na ushahidi mdomoni.

Uwanja huo ni wa umma, nao ndio malisho ya mwisho ya mbuzi wa upande ule wa kisiwa. Udongo wake ni mwembamba, chini ni jiwe tupu. Nyasi zikiisha, mvua moja tu hukomba kila kitu mpaka baharini. Ndiyo maana kamati ya wafugaji ilimpa Kadzo kazi ya kuulinda, naye akaugawa kwa kamba: nusu ya kulishia, nusu ya kupumzika. Kanuni alizitunga mwenyewe, na alizitunga kali. Hakuna kuvuka kamba. Hakuna kukata majani. Mbuzi anayenyonyesha haingii kabisa, kwa kuwa hula kwa pupa mpaka mizizi. Hata mbuzi wa mamake, aliyezaa mapacha, alifungiwa uani kwao Bondeni, na mama wa watu ikabidi atafute mtu wa kumletea majani. Wauza majani wa mikokoteni hawakosekani, kwa hiyo Kadzo hakujisumbua kuuliza ni nani.

Siku ya Ijumaa Nanjala, afisa wa mazingira, angekuja na rula yake. Nyasi za nusu iliyofungwa zikifika magotini, mbuzi wangebaki. Zisipofika, wote wangeondolewa kisiwani, na familia nane zingekosa maziwa. Na nyasi zenyewe, badala ya kupanda, kila asubuhi zilikutwa na kipara kipya.

Kadzo alimshuku kila mtu, lakini Odera alimshuku zaidi. Mstaafu wa reli, mbuzi saba, maneno ya kuhesabu. Nyumba yake iko hatua chache tu kutoka uwanjani, lakini kila siku alichelewa kuleta mbuzi wake, tena alionekana akitokea upande wa Bondeni, suruali imelowa umande mpaka magotini. Alikuwa ametokea wapi, na umande huo aliupata wapi mjini? Halafu kulikuwa na ile salamu yake, haibadiliki.

"Hujambo, binti yangu? Mama hajambo?"

Anajipendekeza, Kadzo aliwaza. Mamake aliuza mahamri kwenye lango la stesheni miaka ishirini, na kila mtu wa reli alijifanya mwanawe.

Kesho yake, Alhamisi, Kadzo alifika jua likichomoza. Kipara kipya kilikuwapo, mbichi kabisa. Tusifiche: alifurahi. Alifurahi kama mvuvi aliyeona kamba ya mtego imevutika. Mbuzi walipoletwa aliwapanga foleni, akawafunua midomo mmoja baada ya mwingine mbele ya wenyewe. Wa kwanza, safi. Wa kumi, safi. Wa Odera wote saba, safi, na mbavu zao zingeweza kuhesabiwa.

Furaha ikaanza kumwishia. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kuhusu mlinzi na ndoo yake, mmoja akacheka waziwazi. Hapo ndipo Kadzo alipogundua kwamba Odera ameshika kamba za mbuzi saba kwa mkono mmoja, na ule wa pili hajautoa mfukoni tangu afike.

"Mzee Odera, hebu nionyeshe mkono huo."

Odera akautoa polepole. Vidole vyote vitano vilikuwa vya buluu.

"Kumbe ni wewe ukataye!"

"Ni mimi."

"Wamuuzia nani?"

"Siuzi, binti yangu."

"Basi wampa nani? Sema, watu wasikie!"

Mzee aliurudisha mkono mfukoni. "Kosa ni langu," akasema. "Hawa wenzangu wasiadhibiwe."

Kanuni ilikuwa wazi, na Kadzo aliisoma kwa sauti: mkosaji ataondoa mifugo yake uwanjani siku hiyo hiyo, asirudi. Odera hakubisha. Hakuwa na pengine pa kuwalisha, na kabla ya adhuhuri gari la mchinjaji lilikuwa limewabeba wote saba. Alibaki amesimama kando ya barabara mpaka milio yao ikapotea. Kadzo alimpa mgongo. Akampigia Nanjala simu kumwambia kwamba mwizi amepatikana, na Nanjala akakubali kuzipa nyasi mwezi mmoja zaidi. Uwanja ulikuwa umepona.

Alirudi nyumbani amevimba kichwa. Mamake alikuwa amemwekea chai mezani, nzito kwa maziwa, kama ilivyokuwa kila siku tangu mapacha wazaliwe. Kadzo alikunywa kikombe kizima kwa raha zake, akaita kuelekea uani kwamba ana habari.

Mamake hakuuliza habari gani. Alikuwa amechutama mbele ya mbuzi, kitambaa chenye maji mkononi.

"Hebu njoo kwanza umwone huyu, mwanangu," alisema. "Tangu Odera aniletee majani ya leo, ulipoondoka tu, mdomo wake umekuwa wa buluu, na kila nikiusugua hautoki."