Kichwa cha Mtwa

Kifuniko cha boksi kilipoinuliwa, watu wote uwanjani walipiga magoti. Bibi Verediana peke yake alibaki amesimama, maana yeye ndiye aliyeitwa kutazama.

Fuvu lilikuwa limelazwa juu ya pamba. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na karibu na tundu la sikio palikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino mweusi. Alingoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Alichosikia ni baridi ya Kilolo ya mwezi wa saba tu, ikimpanda kutoka kwenye nyayo.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Mwingereza mrefu aliyevaa kofia nyeupe, alisema maneno machache. Karani wake, Liberatus, akatafsiri kwamba serikali inamwomba bibi asifanye haraka. Akisema siye, boksi litafungwa na kurudishwa Ulaya siku hiyo hiyo.

Mambo yalikuwa yameanza mwaka uliotangulia, hamsini na tano. Liberatus alipanda hadi nyumbani kwake, akakaribishwa kigoda, akaeleza kilichomleta. Zamani Mtwa Kisumbe, mfalme wa Kilolo, alitawala kuanzia milima hii hadi kufika Mbeya, na makabila yote ya katikati yalimlipa kodi kwa ng'ombe na kwa watu. Wadachi wakaja na mizinga, wakaibomoa ngome yake, wakakata vichwa vya wanaume waliowakuta ndani, wakavipeleka kwao vikapimwe. Kisha Wadachi nao wakashindwa, wakaondoka. Sasa Waingereza walitaka watu wa Kilolo walime kwa matuta, na watu walikuwa wamegoma. Hata Chifu Saulo, mjukuu wa mtwa, alikuwa hasikilizwi. Lakini mtwa mwenyewe, miaka karibu sitini tangu afe, jina lake likitajwa watu walikuwa bado wanashusha sauti. Bomani wakaona kwamba kichwa kikirudi, na chifu ndiye akakipokea, neno la chifu litashika.

Shida, alisema Liberatus, ni kwamba huko Ulaya vichwa vimepangwa makabatini kwa mamia, na mtwa hakupigwa picha hata moja. Wazee wote waliokuwa ndani ya ngome wamekwisha. Amebaki yeye, aliyekuwa mtoto wa miaka minane, ambaye masista wa Tosamaganga walimwokota baada ya vita wakamlea.

"Unakumbuka alama yoyote, bibi?"

Verediana aliendelea kupukuchua mahindi. Alimaliza gunzi moja, akachukua lingine. Kisha akajibu kwa sauti ile ile ambayo angemwelekezea mtu njia ya kisimani.

"Jino la mbele la chini, upande wa kushoto, hakuwa nalo. Na hapa juu ya jicho la kulia mfupa ulibonyea. Jiwe lilimwangukia."

Liberatus aliandika kwamba jeraha lilitokana na vita. Akauliza mtwa alikuwa mtu wa namna gani.

"Mikono yake ilikuwa na sugu. Akinishika shavu, inakwaruza."

Karani aliinua kalamu, akafikiri kidogo, na hilo hakuliandika. Alimweleza kwa upole kwamba mikono haitasaidia kitu, kwa sababu Wadachi walichukua vichwa tu.

"Najua," alisema Verediana. "Nilikuwepo."

Baada ya hapo ulipita mwaka mzima bila habari. Alilima, akavuna, akaenda misa. Hakumwambia mtu anangoja nini, na siku nyingine hata yeye alikuwa hasikii kama anangoja.

Na sasa boksi lilikuwa mbele yake. Aliinama. Pengo la jino lilikuwepo. Alinyoosha kidole, akakiweka juu ya tundu la jicho la kulia, kikatua kwenye kibonyeo kama kilichopimwa. Nyuma yake, kati ya watu elfu mbili, mtoto mmoja alikohoa.

"Ndiye," alisema.

Chifu Saulo alilia mbele ya watu wake bila kujifuta. Wazee wa ukoo wa mtwa waligombania kubeba boksi, na aliyekosa nafasi aligusa walau ukingo wake. Askari walipiga risasi hewani. Fuvu lilifungwa kwa kitambaa cheupe, likazikwa katikati ya makaburi ya watwa, pale ambapo mtu asiye wa ukoo haruhusiwi hata kupita. Wakachinjwa fahali watatu. Chifu akahutubia, na alipofika kwenye habari ya matuta, hakuna aliyeguna. Bwana Shauri alimpa Verediana mkono. Walimkalisha kwenye kiti chenye mto, wakamletea ini, akatafuna bila kusikia ladha.

Jioni aliteremka kurudi nyumbani na binti yake, Lea. Lea alikuwa amelia mpaka macho yakavimba. Alikuwa amejua siku zote kwamba mama yake aliokotwa vitani, ila zaidi ya hapo hakuwahi kusimuliwa. Njiani alisema leo ndipo ameelewa kwamba yeye ni mtoto wa mtu aliyelelewa nyumbani kwa mfalme. Kisha akauliza kama ni kweli, yale aliyosikia kwa karani, kwamba mtwa mkubwa kama yule alikuwa akimshika mashavu.

Walivuka kijito, Verediana akasimama upande wa pili kuikamua ncha ya kitenge chake.

"Mtwa sikupata kumwona hata siku moja," alisema. "Sisi tulikuwa mateka kutoka Mbeya, tulibebeshwa mawe ya ukuta wake. Aliyelala kwenye lile kaburi ni babu yako, Nzunda."