Maneno Ishirini ya Kihispania

Siku ya tatu ya darasa la Kihispania, mwalimu aliandika maneno ishirini ubaoni.

"Tumieni haya tu," akasema. "Nielezeeni mtu mmoja wa nyumbani kwenu."

Bi Mwanatumu alimchagua dada yake, Raya, apate kumsema ubaya wake wote. Miaka tisa walikuwa hawasemezani, kisa shamba la marehemu baba yao. Alitafuta ubaoni neno la choyo, hakuliona. La ugomvi pia halikuwepo. Basi akaandika kwa yaliyopo, taratibu, kama mtu anayetembea usingizini.

Alipoitwa alisoma kwa Kihispania: "Nina dada. Jina lake Raya. Ni mrefu. Ana macho makubwa. Anapenda kucheka. Ana nguo ya kijani."

"Una dada mzuri, mama," mwalimu akamwambia. "Anakaa mbali?"

"Mtaa wa pili tu."

Darasa lilipokwisha, miguu ilimpeleka yenyewe hadi uani kwa Raya, begani kipande chake cha kanga ya kijani, nusu ya doti waliyogawana usichanani. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kamba, kile kipande cha pili kilikuwa kikichuruzika maji, kimefuliwa sasa hivi.